Je, wajua kwa nini moyo uliorekebishwa utotoni huhitaji vali mpya ukubwani?

Mtoto mwenye kasoro nne za Fallot, zilizopewa jina la daktari Mfaransa aliyezieleza mwaka 1888, huzaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo pamoja na njia nyembamba mno ya kupeleka damu mapafuni, ndiyo maana midomo na kucha zake hugeuka buluu anapolia. Tangu mwaka 1954, daktari mpasuaji Lillehei na wenzake walipofanya marekebisho ya kwanza huko Minnesota, Marekani, madaktari huziba tundu hilo na kuipanua njia. Ili ipanuke vya kutosha, mara nyingi hulazimika kuikata pete ya vali, yaani mlango wa njia hiyo, na kushonea kiraka, na mlango huo uliopaswa kujifunga baada ya kila pigo hubaki wazi. Damu iliyokwisha kusukumwa hurudi.

Mtoto hukua, huoa au huolewa, naye hajisikii vibaya, huku chumba cha chini cha moyo, upande wa kulia, kikitanuka polepole kwa miaka 20 au 30. Inasikitisha kwamba wengi huacha kliniki katika kipindi hichohicho, kwa kuwa waliambiwa wamepona.

Kazi ngumu ni kuchagua wakati wa kuweka vali mpya. Vali ya tishu za ng'ombe au nguruwe huchakaa, kwa hiyo anayewahi mno atarudia upasuaji mara nyingi zaidi. Anayechelewa, chumba kilichotanuka huenda kisirudi hali yake, na mapigo yaweza kuvurugika ghafla. Hivyo madaktari hupima ujazo wa chumba hicho kwa MRI, yaani picha zinazopigwa kwa nguvu za sumaku, mwaka hadi mwaka.

Kufungua kifua mara ya pili nako kuna hatari yake, kwani makovu huweza kuugandisha moyo nyuma ya mfupa wa kidari, palepale msumeno unapopita. Ndiyo sababu wapasuaji huchunguza kwanza kwa CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, na pengine humuunganisha mgonjwa na mashine ya moyo na mapafu kupitia mishipa ya kinena kabla ya kuugusa mfupa.

Mwaka 2000, daktari Philipp Bonhoeffer aliweka vali ya kwanza ya njia ya mapafuni bila kufungua kifua, kwa kupitisha mrija ndani ya mshipa, mjini Paris. Hata hapo, daktari hujaza puto kwanza mahali vali itakapokaa, akitazama kama mishipa inayolisha moyo inabanwa. Na wapo ambao kiraka cha utotoni kiliitanua njia kiasi kwamba vali hiyo haipati pa kushika, nao bado hufunguliwa kifua.