Vidonge vya wasiwasi na vya mishipa: siku ya kuacha ndiyo ya kuogopa

Malalamiko yanayofika kwenye meza ya ukaguzi wa dawa hapa Kisumu mengi yana sura moja: kemisti amekataa kumuuzia mama vidonge vyake vya usingizi bila cheti cha daktari, baada ya siku chache mama akaanguka kwa degedege, na sasa jamaa wanataka kemisti achukuliwe hatua. Kukataa hakukuwa kosa. Kosa, kama lipo, ni kumrudisha mlangoni bila kumwelekeza hospitali siku hiyohiyo.

Tunazungumzia makundi mawili. La kwanza ni dawa za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi: diazepamu, lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu. La pili ni pregabalini na gabapentini, dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, wanazopewa wenye ganzi na miguu inayowaka kutokana na kisukari, mkanda wa jeshi, au dawa za zamani za HIV kama stavudini. Kundi la kwanza si dawa ya maumivu ya mishipa, hata kama linakulaza usiku. Ukilala, maumivu hayajatibiwa.

Dawa hizi zote, kila moja kwa njia yake, hupunguza kasi ya ubongo. Ukizitumia kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo hulegeza breki zake wenyewe kwa kuwa kuna anayezishika. Ukiacha kwa ghafla, hakuna breki ya dawa wala ya mwili. Hapo mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hutoweka na wasiwasi hurudi ukiwa mkali kuliko wa mwanzo. Wengine huona vitu visivyokuwepo au hupata degedege. Alprazolamu hutoka mwilini haraka, hivyo shida yaweza kuanza kesho yake. Diazepamu hukawia, na mtu huweza kuwa sawa karibu wiki nzima kabla ya kuanguka, ndiyo maana jamaa hawaunganishi mambo haya mawili. Si mapepo. Tafadhali muulizeni kwanza ni dawa gani aliyoacha.

Hesabu moja huwapotosha wengi. Mtu huona 0.5 kwenye alprazolamu na 5 kwenye diazepamu, akadhani ya kwanza ni hafifu. Kwa makadirio ya kawaida, alprazolamu ya miligramu 0.5 ni sawa na diazepamu ya miligramu 10, yaani tembe mbili za 5. Jirani anayekugawia "kale kadogo" hajakuhurumia.

Kupunguza hufanywa na daktari au afisa wa kliniki anayekujua, na huenda polepole kuliko wagonjwa wanavyotaka. Tuchukue mtu aliyetumia diazepamu ya miligramu 10 kila usiku kwa miaka. Anaweza kuanza kwa kupunguza miligramu 1 kila wiki mbili. Tembe moja ya 5 na mbili za 2 ni 9. Nne za 2 ni 8. Moja ya 5 na moja ya 2 ni 7. Akifika 5, kila miligramu inayoondoka ni sehemu kubwa zaidi ya iliyobaki, kwa hiyo hatua huwa nusu miligramu, yaani robo ya tembe ya 2. Jumla ni kama miezi saba. Akitetemeka katikati ya safari hukaa palepale hadi atulie. Hapandishi dozi wala kuruka siku. Kuruka siku ndiko tunakokuona zaidi, na ndiko kubaya zaidi: mwili unaachishwa na kurudishwa kila juma.

Pregabalini haikatwi, kwa kawaida ni kapsuli. Anayemeza miligramu 300 kwa siku anaweza kushuka 225, 150, 75, kila hatua wiki moja au zaidi. Anayetumia makundi yote mawili hapunguzi yote kwa wakati mmoja. Mwenye figo dhaifu, na wenye kisukari wengi wamo humo, hupewa dozi ndogo tangu mwanzo kwa kuwa pregabalini hutoka kwa njia ya figo na hujikusanya. Na aliye kwenye dolutegraviri, dawa ya HIV, asikubali kubadilishiwa dawa ya mishipa kuwa kabamazepini, dawa ya kifafa, kimyakimya, kwani kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri.

Chang'aa juu ya dawa hizi huweza kusimamisha pumzi, na hata makundi haya mawili pamoja huweza kufanya hivyo. Mtu anayekoroma isivyo kawaida, haamki akiitwa na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mpelekeni hospitali. Msimpe maziwa. Akiwa na degedege, msimtie kijiko kinywani. Ikizidi dakika tano ni dharura. Waendesha bodaboda mnaotumia dawa hizi, msiendeshe mkiwa na usingizi, na asubuhi baada ya dozi ya usiku bado mnao.

Sasa cheti. Tunatarajia kiwe na tarehe, jina la mgonjwa, jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, namna ya kumeza, idadi ya tembe, na jina, sahihi na namba ya usajili ya aliyeandika. Picha ya cheti cha mwaka jana kwenye simu si cheti. Diazepamu na wenzake wamo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, na katika sheria yetu ya Kenya ya dawa za kulevya ya 1994. Anayeuza kiholela anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na duka laweza kufungwa. Mgonjwa mwenye cheti hatafutwi na mtu.

Kibahasha cheupe kilichoandikwa "1×1 usiku" bila jina la dawa, kirudishe papo hapo. Daktari wa zamu akikipokea usiku wa manane hajui kilikuwa na nini, na mgonjwa kwa wakati huo hawezi kusema. Dai jina la dawa, miligramu na tarehe, kisha ukihifadhi hata kikiwa kitupu.

Waliobakiwa na vidonge vya siku tatu au nne waende kliniki leo, wakiwa na vibahasha vyote na daftari la hospitali. Anayenunua kwa siri na kuona haya kusema anaweza kupiga 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, simu ya bure, mchana na usiku. Asipunguze chochote kabla ya kuzungumza na mtu.