Usingizi na zamu za kazi za wanaanga: maswali na majibu

Kwenye kituo cha anga za juu jua huchomoza mara 16 kwa siku. Mwanaanga anajuaje saa ya kulala?

Hafuati jua hata kidogo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, na mwili ukiachiwa mwanga huo uuongoze, saa yake ya ndani huvurugika. Wote hutumia saa za Greenwich, zilizo katikati ya Houston na Moscow, miji yenye vituo vikuu vya kuwaongoza. Huamka saa 12 asubuhi (Nairobi na Dar es Salaam ni saa 3) na kulala saa 3:30 usiku. Hapo wametengewa saa nane na nusu za usingizi.

Saa nane na nusu si nyingi mno?

Zilizoandikwa si zinazolaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima usingizi wa wanaanga 64 wa Space Shuttle, vyombo vya Marekani vya safari fupi, na 21 wa kituo hiki, na makundi yote mawili yalilala wastani wa saa sita hivi. Takriban robo tatu ya wale wa kituoni walitumia dawa za usingizi. Ukimpangia mtu saa sita, atalala pungufu ya hapo.

Sababu ni nyingi: kelele za mitambo, mawazo, na kazi iliyobaki. Ipo pia hewa. Kule, ambako kila kitu huelea, hewa ya moto haipandi juu, kwa hiyo pumzi aliyoitoa mtu aliyelala hubaki imemzunguka uso na hewa ukaa hujikusanya. Akiamka kichwa kinamgonga. Ndiyo maana kila chumba cha kulala kina feni, na feni haizimwi hata kama inapiga kelele.

Siku ya kazi hugawanywaje?

Kazi yenyewe ni saa sita na nusu hivi. Mazoezi huchukua saa mbili na nusu, pamoja na kuandaa mashine na kujisafisha. Chakula cha mchana ni saa moja. Asubuhi na jioni kuna mazungumzo mafupi na waongozaji walio duniani. Mazoezi hayafidiwi kwa kulipa kesho: asiyeyafanya anaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kila mwezi.

Kosa la kawaida la mpangaji ni kuhesabu kazi bila maandalizi yake. Anaandika dakika 40 za kubadilisha kichujio, halafu anasahau kukitafuta, kufunga kila skrubu isielee, na kurudisha vifaa mahali pake. Kwenye programu ya ratiba kuna mstari mwekundu unaosogea na saa. Ukishampita mwanaanga, kwanza hula harakaharaka, kisha mapumziko ya jioni yanaliwa, mwisho usingizi. Kwa maoni yetu, ratiba isiyo na nafasi tupu ni ratiba mbovu tangu asubuhi.

Hili lilionekana wazi kwenye Skylab, kituo cha kwanza cha anga cha Marekani. Wanaanga Carr, Gibson na Pogue waliondoka Novemba 1973 kwa safari ya siku 84, wakapangiwa tangu mwanzo kasi ambayo kundi lililowatangulia liliifikia baada ya kuzoea. Wakachelewa na kukosea. Desemba 30 walizungumza na waongozaji kwa uwazi: kazi ndogondogo ziliondolewa kwenye saa maalumu zikawekwa kwenye orodha ya kufanya upatapo nafasi, na muda wa kupumzika ukaheshimiwa. Kazi ikapanda. Anayefika leo apewe siku za mwanzo nyepesi, maana kichefuchefu cha kuelea humshika mtu siku mbili tatu za kwanza.

Kwa nini wasilale kwa zamu?

Ilijaribiwa kwenye Gemini 4, safari ya Wamarekani wawili, mwaka 1965. Chombo kilikuwa kidogo, na shughuli za aliye macho zilimsumbua aliyelala. Mwaka 1983, safari ya kwanza ya Spacelab, maabara iliyobebwa ndani ya Space Shuttle, iliwagawa watu sita katika timu nyekundu na ya buluu, saa 12 kila moja. Hiyo ilifaa kwa safari ya siku kumi yenye majaribio mengi. Kwa miezi sita, ni bora wote walale pamoja na walio duniani wakeshe kwa zamu tatu. King'ora kikilia, wote wanaamka.

Chombo kikifika usiku wa manane?

Usingizi husogezwa siku kadhaa kabla. Kuuchelewesha ni rahisi kuliko kuuwahisha, kwa sababu saa ya ndani ya watu wengi huzidi saa 24 kidogo. Taa za LED zilizoanza kufungwa mwaka 2016 husaidia: nyeupe-buluu huamsha, ya manjano hutumika kabla ya kulala. Mwanga ukiwashwa saa isiyofaa huisukuma saa ya mwili upande usiotakiwa.

Siku ya kutoka nje ya kituo ihesabiwe peke yake. Saa sita na nusu za nje hutanguliwa na saa kadhaa za kuvaa suti na kupumua oksijeni ili kutoa naitrojeni mwilini. Kesho yake isipangwe kazi nzito.

Dawa za usingizi ni salama?

Hujaribiwa kwanza ardhini, daktari akiangalia, kwani king'ora kinaweza kumwamsha mtu dawa ikiwa bado mwilini.

Muuguzi au mlinzi wa zamu ya usiku anaweza kutumia kanuni hizi?

Nyingi. Zamu zizunguke kuelekea mbele: asubuhi, jioni, kisha usiku. Chai ya rangi au kahawa ikome saa sita kabla ya kulala. Mchana weka pazia zito, na simu iwe chumba kingine. Ukitoka zamuni macho mazito, panda daladala au boda; usiendeshe mwenyewe.