Vimelea vya malale: vinafanana kwa sura, ila tiba yake si moja

Malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, ni jina moja, lakini mganga wa zahanati ya Kibondo na mwenzake wa Bandundu, Kongo, hawapambani na kimelea kimoja. Maswali yafuatayo huulizwa sana na wanafunzi wa maabara, wahudumu wa afya na wafugaji wanaoishi karibu na mbung'o (ndorobo, kwa watu wa bara).

Vimelea hivi ni vya aina gani, na vimepangwaje?

Vyote ni tripanosoma: viumbe vya chembe moja, vyembamba, vyenye mjeledi wa kuogelea ndani ya damu. Wataalamu hawakuanza kuvigawa kwa dalili za mgonjwa. Walianza kwa kuangalia vinakomalia wapi ndani ya mbung'o. Trypanosoma vivax hukomalia kwenye mrija wa kunyonyea tu. Trypanosoma congolense huanzia tumboni mwa mbung'o, kisha hupanda hadi kwenye mrija huo. Trypanosoma brucei huanzia tumboni na kumalizia kwenye tezi za mate, safari ya kama wiki tatu, na ndiyo maana hata palipo na ugonjwa ni mbung'o wachache sana wenye brucei iliyokomaa.

Vivax na congolense ni vya mifugo. Ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya nagana, yaani malale ya mifugo. Unguja, kwa mfano, ilisumbuliwa na nagana kwa miaka mingi bila kuwa na malale ya binadamu, mpaka mbung'o wa kisiwa hicho, Glossina austeni, alipotokomezwa kufikia 1997 kwa kuachia madume tasa waliozalishwa Tanga.

Malale ya binadamu hutoka kundi la brucei peke yake. Kundi hilo limegawanywa sehemu tatu: T. b. brucei (yaani Trypanosoma brucei brucei) ya wanyama, T. b. gambiense na T. b. rhodesiense. Trypanosoma cruzi ya Amerika ya Kusini ina jina la ukoo lakini iko kambi nyingine kabisa: haipiti kwenye mate, hutoka na kinyesi cha mdudu.

Nikiwa na hadubini nzuri, naweza kuvitofautisha?

Makundi makubwa, ndiyo. Kwenye tone la damu mbichi, vivax hukata uwanja wa hadubini kwa kasi na kutoweka upande wa pili. Congolense ni kifupi, mjeledi wake hauchomozi mbele, na hujikunjakunja palepale huku kikiwa kama kimebandikwa kwenye chembe nyekundu. Brucei hutapatapa eneo dogo, na utando wake wa pembeni unaonekana ukipepea vizuri. Ukipaka rangi ya Giemsa, angalia kinetoplasti, kile kidoa cheusi cha upande wa nyuma. Kwa vivax ni kikubwa na kipo mwisho kabisa, kwa congolense kimekaa ukingoni, kwa brucei ni kidogo na kimerudi ndani kidogo. Isitoshe, brucei katika damu moja huwa na maumbo mchanganyiko, marefu na mafupi manene.

Lakini brucei, gambiense na rhodesiense huwezi kuzitenganisha kwa jicho, hata uwe na hadubini ya bei gani. Fundi wa maabara anayeandika "T. b. rhodesiense" kwa kuangalia slaidi tu ameandika alichokisia kutokana na mahali alipo. Mara nyingi atakuwa amepatia, ila slaidi haikumwambia hivyo.

Kama sura ni moja, majina matatu yalitoka wapi?

Yalitoka mahali na wakati tofauti. David Bruce alikiona kimelea hiki kwa ng'ombe wa Zululand, Afrika Kusini, miaka ya 1894 na 1895. Mwaka 1902 Everett Dutton alikipa jina la gambiense kile kilichopatikana kwa mgonjwa wa Gambia. Mwaka 1903 huko Entebbe, wakati watu wa Busoga wakifa kwa maelfu, Aldo Castellani na Bruce waliunganisha vimelea vya maji ya uti wa mgongo, mbung'o na malale. Kisha 1910 J. W. W. Stephens na Harold Fantham wa Liverpool wakaeleza rhodesiense, kutoka kwa mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa, ambalo leo liko Zambia.

Stephens na Fantham waliegemea umbo: waliona kwamba kikikuzwa ndani ya panya, baadhi ya vimelea vilikuwa na kiini kilichosogea nyuma. Baadaye ilijulikana kuwa brucei ya wanyama nayo hufanya hivyo. Jina likabaki, sababu ya kulitoa ikaanguka.

Basi tofauti halisi ni nini?

Ni nani anayeweza kuishi ndani ya damu ya binadamu. Damu yetu ina protini iitwayo APOL1. Brucei ya kawaida ikiimeza, protini hiyo hutoboa utando wa ndani ya kimelea, maji huingia, kinavimba na kufa. Ndiyo sababu mbung'o wa mbugani anaweza kukudunga brucei ya swala na usiugue. India kulikuwa na mkulima aliyeugua kwa T. evansi, kimelea cha ngamia na farasi ambacho kwa kawaida hakitugusi. Uchunguzi uliochapishwa 2006 ulionyesha kuwa hakuwa na APOL1 inayofanya kazi.

Rhodesiense imejitengenezea protini moja, SRA, inayoikamata APOL1 kabla haijaanza kutoboa. Gambiense haina SRA. Yenyewe hutumia protini nyingine, TgsGP, na pia mlango unaoingiza sumu hiyo umedhoofika, hivyo inameza kidogo.

Vita hivi vimeacha alama hata kwetu. Baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana APOL1 iliyobadilika, na badiliko mojawapo, G2, huikwepa SRA. Bahati mbaya, mtu aliyerithi mabadiliko hayo kwa baba na kwa mama yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo.

Kwa hiyo rhodesiense ni spishi ndogo ya kweli?

Kwa maoni yetu, kwa karatasi tu. Gambiense ya kundi la kwanza, inayosababisha karibu wagonjwa wote wa Afrika ya Magharibi na Kati, ni ukoo mmoja unaojinakili bila kuchanganya damu. Hiyo inastahili jina lake. Rhodesiense ni brucei ya kawaida ya Afrika ya Mashariki iliyobeba jeni ya SRA. Vimelea hubadilishana jeni ndani ya mbung'o, kwa hiyo jeni hiyo inaweza kuhamia brucei nyingine. Rhodesiense ya Uganda inaweza kufanana zaidi na brucei ya ng'ombe wa Uganda kuliko na rhodesiense ya Zambia. Jina linafaa hospitali, kwa sababu linamwambia daktari la kufanya. Kama mti wa ukoo, halishiki.

Maabara huthibitisha vipi?

Zamani, kuanzia 1970, kulikuwa na kipimo cha kuchanganya vimelea na serumu (maji ya damu) ya binadamu kisha kumdunga panya. Panya akiugua, kimelea kimeishinda serumu. Kasoro yake ni kwamba SRA inaweza kuzimwa na kuwashwa: kimelea kilichokaa muda mrefu ndani ya mnyama huweza kuonekana dhaifu, kumbe jeni anayo.

Siku hizi ni PCR, kipimo kinachonakili vipande vya DNA mpaka vionekane, na mpangilio wake una maana. Kwanza TBR, kipande kilichojirudia maelfu ya mara ndani ya kimelea. Kikionekana, hapa pana kundi la brucei. Kisha hutafutwa SRA au TgsGP. Hapo ndipo watu hukosea. SRA iko nakala moja tu, kwa hiyo TBR inaweza kusoma chanya kwa vimelea vichache ambavyo SRA haiwezi kuvipata. Ukiandika "si rhodesiense" umedanganyika. Ndiyo sababu hupimwa pamoja jeni nyingine ya nakala moja, PLC, ambayo brucei zote wanayo. PLC chanya na SRA hasi: jibu linaaminika. PLC hasi: huna jibu, rudi kwenye sampuli.

Na kwenye zahanati isiyo na PCR?

Kuna mambo matatu: mahali alipoambukizwa, kasi ya ugonjwa, na wingi wa vimelea.

Mahali: Tanzania, Kenya, Malawi, Zambia na Zimbabwe ni rhodesiense. Kongo, Sudan Kusini na nchi za magharibi mwake ni gambiense. Uganda ndiyo nchi yenye zote mbili: gambiense kaskazini-magharibi, upande wa Arua, Moyo na Adjumani; rhodesiense kusini-mashariki hadi kati, toka Busoga na Tororo kupanda Soroti na Lango. Uliza alipolala na alipochungia miezi iliyopita, usiandike tu anapoishi. Mkimbizi au mtalii huvuka mpaka na kimelea chake.

Kasi: rhodesiense huua ndani ya wiki au miezi michache, mara nyingine ikianza na kidonda kigumu pale alipoumwa. Gambiense hutambaa kwa miaka, na tezi za nyuma ya shingo huvimba.

Wingi: rhodesiense hujaa kwenye damu, kiasi kwamba mara nyingi hugunduliwa kwenye slaidi nene ya malaria. Slaidi hiyo huhitaji takriban vimelea 5,000 kwa mililita moja. Gambiense mara nyingi iko chini ya 100, kwa hiyo damu huzungushwa kwenye mirija midogo ya kioo (huona kuanzia kama 500) au huchujwa kwa safu ya kubadilishana chaji, inayofika 50 au chini yake. Tazama damu ikiwa mbichi, katika kivuli. Ikikaa juani, vimelea hufa na mwendo wake, ambao ndio unaovuta jicho, hupotea. Kwenye maji ya uti wa mgongo hufa haraka zaidi, kwa hiyo yatazamwe papo hapo.

Kipimo cha kingamwili cha CATT, na vile vya haraka vya siku hizi, vimetengenezwa kwa gambiense. CATT hasi kwa mchungaji wa Urambo haimaanishi chochote.

Uainishaji unabadilisha matibabu?

Sana, ingawa kidogo kuliko zamani. Pentamidine hutumika kwa gambiense ya hatua ya kwanza, kabla kimelea hakijafika kwenye ubongo. Kwa rhodesiense dawa ya hatua hiyo ilikuwa suramin. Eflornithine, peke yake au pamoja na nifurtimox, hutibu gambiense lakini rhodesiense huistahimili. Ndiyo maana rhodesiense iliyofika kwenye ubongo iliachiwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, ambayo hudhuru ubongo wa asilimia 5 hadi 10 ya wagonjwa, na karibu nusu ya hao hufa.

Fexinidazole, vidonge vya kumeza, ilikubaliwa kwa gambiense 2018, na mwongozo wa WHO wa 2024 ukaiweka pia kwa rhodesiense, kwa mwenye miaka 6 na kilo 20 kwenda juu. Mwenye kilo 35 au zaidi humeza miligramu 1,800 kila siku kwa siku 4, kisha 1,200 kila siku kwa siku 6, akisimamiwa na mhudumu. Lazima ale chakula cha kushiba kwanza; tumbo tupu halinyonyi dawa ya kutosha, na tiba hushindwa bila mtu kujua kwa nini. Gambiense iliyokithiri, yenye chembe nyeupe 100 au zaidi kwa mikrolita ya maji ya uti wa mgongo, bado hupewa eflornithine na nifurtimox. Mtoto mdogo mwenye rhodesiense hurudi kwenye suramin au melarsoprol.

Ng'ombe wangu anahusikaje?

Kwa gambiense, chanzo kikuu ni binadamu, kwa hiyo vita ni kupima watu kijiji kwa kijiji. Kwa rhodesiense, ng'ombe na wanyamapori ndio hazina, na ng'ombe anaweza kuibeba akiwa mzima kabisa wa kutazama. Mwaka 1998 ugonjwa ulilipuka Soroti, mahali ulipokuwa haujulikani, na ufuatiliaji ulielekeza kwenye ng'ombe waliouzwa mnadani kutoka maeneo yenye malale.

Ng'ombe anayetoka huko atibiwe kabla ya kuuzwa. Diminazene ya miligramu 3.5 kwa kilo ndiyo kipimo cha kawaida cha congolense na vivax. Palipo na brucei hupandishwa hadi 7, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Dawa ya kupulizia, kama deltamethrin, ielekezwe miguuni na tumboni, kwa kuwa ndiko mbung'o anakopenda kutua. Ukipuliza mwili mzima unamaliza dawa mara kadhaa kwa faida ileile.