Kubadilishiwa Goti: Mguu Uliovimba Hauchuliwi

Kubadilishiwa goti ni kufanyiwa nini hasa?

Daktari wa mifupa huondoa ncha zilizolika za mfupa wa paja na wa muundi, akaivika mifupa hiyo chuma maalumu na kuweka plastiki ngumu katikati. Kwa wagonjwa wengi goti hilo hudumu zaidi ya miaka 15.

Mgonjwa aanze lini kutembea?

Siku hiyo hiyo ya upasuaji au kesho yake, akiwa na magongo na mtu wa kumsimamia. Tunaona familia zinazomlaza mzee wao wiki nzima, chakula kitandani, maji kitandani, hata kugeuka anageuzwa, kisha zinashangaa mguu umekuwa mzito. Misuli ya mguu ndiyo inayosaidia kuirudisha damu juu, na isipofanya kazi, damu inaweza kuganda ndani ya mishipa. Kwa hiyo hata akiwa amelala, awe anavuta vidole kuelekea kwake na kuvisukuma mbele mara kadhaa kila saa anapokuwa macho.

Mguu umevimba. Tuuchue kwa mafuta?

Hapana. Uvimbe wa kuzunguka goti ni wa kawaida na unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa, lakini hupungua mguu ukiinuliwa na goti likiwekewa barafu iliyofungwa kwenye taulo kwa dakika 15 hadi 20. Uvimbe wa shavu la mguu ni jambo jingine. Likivimba, likawa gumu, likauma linapoguswa au mgonjwa anapokanyaga, huenda ndani yake kuna bonge la damu, na kulichua kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Msitafute wekundu ndipo muamini, kwa maana kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani.

Na kama anayechua ni mzoefu wa miaka mingi?

Hapana. Mkono wa mzoefu haugusi ndani ya mshipa, wala haujui kilichomo. Bonge la damu huthibitishwa kwa kipimo cha ultrasaundi, hospitalini.

Basi tukande kwa maji ya moto, tusubiri siku mbili tuone?

Hapana, na hapana tena. Maji ya moto hayayeyushi bonge la damu, na hizo siku mbili ndizo zinazotuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa na pumzi, akichomwa kifuani au akikohoa damu, apelekwe mara moja, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama ndugu mkubwa hajapatikana kwenye simu kutoa ruhusa.

Maumivu yameisha, dawa za kuzuia damu kuganda aache?

Asiache. Hazikutolewa kwa ajili ya maumivu, na idadi ya siku alizoandikiwa ina sababu yake. Wala asizichanganye na diklofenaki, dawa ya maumivu, ya duka la dawa au mizizi ya kuchemsha bila daktari kujua, kwa kuwa anaweza kutokwa na damu nyingi.

Mto chini ya goti unampa nafuu. Una ubaya gani?

Unamzoesha goti lililokunjika, na lisiponyooka mapema atachechemea na goti jipya kama alivyochechemea na la zamani. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe lenyewe. Inauma, tunajua.

Kidonda kinatoa majimaji, tununue antibiotiki?

Msinunue. Nyuzi hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14, na kidonda kinachotoa usaha au kuanza upya kuvuja kinapaswa kuonwa na waliopasua, kwa sababu vidonge vya kubahatisha huficha maambukizi yaliyofika kwenye chuma.

Vipi kuhusu choo cha kuchuchumaa na swala?

Choo cha kuchuchumaa kiepukwe. Wasio na choo cha kukaa watengenezewe kiti chenye tundu katikati, kazi ndogo kwa seremala yeyote. Anayeswali aswali juu ya kiti mpaka daktari atakapomruhusu kupiga magoti, na wapo ambao kiti hicho kitakuwa chao moja kwa moja.