Bodi ya kustomu: jinsi ya kuitambua kwenye pikapu ya zamani

Pikapu ya zamani ikiitwa ya kustomu, maana yake bodi yake haina tena umbo ililotoka nalo kiwandani. Kuna fundi aliyekata bati, aliyeziba tundu, au aliyeunganisha sehemu za magari mawili. Rangi mpya na rimu pana havitoshi kuipa jina hilo. Desturi hii ilikomaa Marekani, na gari zuri la kujifunzia ni Chevrolet 3100, iliyotengenezwa kuanzia 1947 hadi mwanzoni mwa 1955.

Anza na kiwanda kabla ya fundi. Wengi wanakosea hapa. Vile vioo viwili vilivyopinda kwenye kona za nyuma za kabini, kwa mfano, hudhaniwa ni ubunifu wa gereji, kumbe kiwanda chenyewe kiliviweka kwenye kabini za bei ya juu. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili bapa hadi 1953. Mwaka 1954 kikawa kimoja, na grili, yaani ule wavu wa mbele, ya mistari mitano ya kulala ikabadilishwa. Vioo vidogo vya pembetatu milangoni vilianza 1951. Basi ukikuta gari lenye kadi ya 1949 lina pembetatu hizo, milango imetoka kwenye gari jingine, na hiyo tayari ni kazi ya mkono wa mtu.

Kazi kubwa kuliko zote ni kukata paa. Fundi hupunguza nguzo za kabini kwa inchi kadhaa kisha huchomelea paa mahali pake. Jicho huliona hilo haraka: vioo vinakuwa vyembamba kama macho yaliyofinywa, na kabini inaonekana imelalia bodi. Lakini ukataji wa inchi mbili tu unaweza kukupita. Pima urefu wa kioo cha mbele, ulinganishe na gari ambalo halijaguswa.

Kunyoa ni kinyume chake, kwani hapo unatafuta kisichokuwepo. Vitasa vya nje vimeondolewa na mlango unafunguliwa kwa swichi iliyofichwa. Nembo za boneti hazipo. Mlango wa nyuma wa karai, yaani sehemu ya kubebea mizigo, ambao kiwandani uligongwa herufi za CHEVROLET, uko laini kabisa. Hata ule mfereji mwembamba wa maji ya mvua juu ya milango hukatwa, na mimi huutazama kwanza, maana wengi huusahau. Taa nazo huzamishwa ndani ya madigadi, yaani mabati yanayofunika magurudumu, zikakosa ile ringi ya chuma inayozizunguka.

Sumaku husaidia, ila ielewe. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti nene, au madini ya risasi, au digadi lote ni la faiba. Mafundi wa zamani walijaza maungio kwa risasi iliyochanganywa na bati jeupe. Puti ya plastiki ilikuja kuenea baadaye. Sumaku haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo. Kwa hiyo pitisha mkono upande wa ndani, nyuma ya digadi na chini ya dashibodi, mahali ambapo fundi hakuhangaika kusaga. Mshono wa kuchomelea utausikia kwa vidole.