Skrini tatu hazihitaji kadi tatu za grafiki

Wengi huamini kila skrini ya kompyuta inadai kadi yake ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha. Si kweli. Kadi moja ya GeForce RTX 4070 huendesha skrini nne. Kwa kawaida ina matundu matatu ya DisplayPort na moja la HDMI. Kinachoilemea ni pikseli (nukta za picha) za mchezo wenyewe. Ukitandazwa kwenye skrini tatu za 1920×1080, kadi huchora pikseli milioni 6.2, ilhali skrini moja ya 4K ina milioni 8.3! Ukicheza kwenye ya katikati tu, za pembeni zikionyesha ramani na gumzo, mzigo huongezeka kidogo sana.

Pesa ya kadi ya pili iweke kwenye kadi moja yenye nguvu zaidi. Nyaya zote zichomeke kwenye kadi hiyo, kamwe si kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta): prosesa isiyo na grafiki zake itaiacha skrini nyeusi.