Kariakoo haikuuliwa na supamaketi

Juzi tena, kwenye harusi, sahani ya pilau mkononi, mtu kasikia mimi ni mchora majengo akaanza palepale: "hizi supamaketi za kigeni ndo zinaua mitaa yetu." Jamani, nimechoka.

Fupi tu: Shoprite walikuja Dar, 2014 wakawauzia Nakumatt maduka yao wakaondoka, Uchumi wakafunga 2015, na Nakumatt yenyewe ikaja kufa. Mangi wa duka la mtaani kwangu yupo palepale, anakupimia mafuta ya kupikia ya mia tano, sukari robo, na daftari la madeni analo.

Sasa njoo Kariakoo. Ile nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, mbele baraza. Baraza ndo lilikuwa mtaa wenyewe: fundi cherehani yupo hapo, bao hapo, kahawa hapo, mama wa mihogo pembeni, na mwenye nyumba kakaa anaangalia nani kapita na nani. Sio ndani, sio barabarani, na kwenye michoro yetu hata hatujui tuliite nini, ndo maana ni rahisi kulifuta. Saizi ni ghorofa zimejaa kiwanja chote mpaka kwenye bikoni, chini fremu za maduka, fremu, fremu, alumini na kioo, zinafanana utadhani zimefyatuliwa kama tofali. Na humo wamejaa wafanyabiashara wadogo, kila fremu na mwenyewe, kalipa kilemba, ile hela ya kuingilia fremu, kwa jasho lake, mteja wake katoka Zambia au Kongo! Huyo kampuni ya kigeni mnayemlaumu yuko wapi? Kilichofuta baraza ni bei ya kiwanja, kodi ya fremu, na kalamu zetu sisi, yangu ikiwemo.

Halafu hata tungeyaacha mabaraza, wamachinga wangeyajaza wiki ya kwanza. Zamani ningesema huo ni uchafuzi wa mji, siku hizi nawaza labda hilo nalo ni baraza tu, limebadilisha wakaaji. Sijaamua.

Kuna mteja nilimwambia: mzee wangu, tuache mita moja na nusu mbele, watu wakae. Akaniangalia, akauliza hiyo mita na nusu italipa kodi shilingi ngapi kwa mwezi. Sikuwa na jibu. Nikamchorea fremu.